Skrepa haijui Datsun, inajua kilo tu

Kwenye mizani ya skrepa, Datsun 1600 SSS, ile Bluebird ya mbio, na Probox iliyokunjwa na trela ni kitu kimoja. Zote chuma, zote kilo, na mwenye yadi hana haja ya kujua ipi ilitoka Japani mwaka 1969 na ipi ilishuka Mombasa juzi. Simlaumu, yeye anauzia viwanda vya kuyeyusha na kiwanda hakilipii historia. Lakini sisi tunaopenda hizi gari za zamani tukikaa tukingoja mtu atangaze "nauza Datsun ya mzee, iko na kila kitu" tutangoja sana, manake mara nyingi tangazo halipo kabisa, kuna kijana na shoka na mtungi wa gesi ya kukata chuma, na kufika jioni gari imekuwa vipande.

Hebu piga hesabu. Datsun 1200, ile ndogo iliyotoka 1970, ikiwa nzima ina kama kilo 700 hivi. Ikifika yadi huwa imeshachunwa, injini imetoka, siti zimetoka, matairi hakuna, tuseme imebaki kilo 400. Kilo ikienda shilingi 40, hiyo ni elfu kumi na sita. Kuna watu Australia, na huko Japani kwenyewe, wanatafuta bodi kama hiyo kwa pesa ambayo ukimtajia mwenye yadi atadhani unamchezea. Kwa hivyo kazi ni kufika kabla ya gesi na kutoa kitu kidogo juu ya bei ya kilo. Mengine yote nitakayosema hapa ni namna ya kufika kabla ya gesi.

Watu huniuliza mbona hizi gari ziwe nyingi huku Afrika Mashariki na si kwingine. Ni barabara zetu pamoja na Safari Rally. Nissan, wenyewe wa jina la Datsun, walileta gari zao Safari mwaka 1963, mwaka ule mbaya, gari 84 zilianza na 7 tu ndizo zilimaliza, na kati ya hizo 7 hakukuwa na Nissan hata moja. Wangeenda nyumbani wamekasirika, lakini wapi, wakawa wanarudi tu kila mwaka wanaangalia nini kimevunjika wanaimarisha. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao wakashinda tena na Datsun 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta kwa 240Z nyingine. Halafu 1973 ndio ilikuwa sinema yenyewe, Mehta na Harry Källström wote wako na Datsun, wote wamemaliza na pointi sawasawa, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu, Mehta akapewa. Joginder Singh naye akaichukua 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na 1976 Lancer zilichukua nafasi zote tatu za mbele. Kisha Mehta akarudi na Datsun akashinda miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982.

Sasa fikiria uko 1974, wewe ni mwalimu ama karani ama una kahawa kidogo, miaka yote umekuwa ukisimama kando ya barabara kuona hizi gari zikipita na vumbi lao. Rali ilipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hivyo hii stori si ya Nairobi peke yake. Mafuta yamepanda bei vibaya tangu 1973. Utanunua gari gani? Utanunua 1200 ama 120Y, kama si Datsun basi Corolla. Inakunywa kidogo, fundi yeyote anaijua, na umeona kwa macho yako ikipita pale gari ya Mwingereza imekwama. Ndio maana zilijaa.

Huko Japani nyingi zilikufa mapema. Bati lilikuwa jembamba, baridi na chumvi zikalila, halafu kuna ule ukaguzi wao unaitwa shaken, ghali, na zamani gari ikishapita miaka 10 ilikuwa lazima ikaguliwe kila mwaka, hiyo sheria wameilegeza 1995. Mtu akaona bora anunue mpya. Huku kwetu gari inatengenezwa mpaka ikatae. Na kwa sheria ya Kenya gari ya mtumba inayoingia isizidi miaka 8, kwa hivyo hakuna vile mtu atakuletea 1200 ya 1972 na meli kama anavyoleta Fielder. Zilizoko ndizo hizo. Ikikatwa moja imepungua moja.

Haya, tuingie yadi. Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba yadi haijapangwa kwa gari, imepangwa kwa aina ya chuma. Chuma cha kawaida huku, aluminiamu kule, shaba kwa gunia ndani ya ofisi chini ya jicho la mwenyewe, brasi ya radieta pembeni. Ukienda unauliza "kuna Datsun?" utaambiwa hakuna na watakuwa hawajakudanganya, manake Datsun imeshagawanywa. Mimi naanza na rundo la aluminiamu. Hapo ndipo kabureta zinaishia, na vifuniko vya valvu, na maganda ya gia boksi. SSS halisi ilikuwa na kabureta mbili za Hitachi, na hizo kabureta mbili kwa mtu wa jua kali ni sufuria ndogo na mfuniko wake. Si maneno ya kuchekesha, zinayeyushwa kweli zinakuwa sufuria. Nimeshatoa kabureta moja ya SSS kwa rundo, nikachimba karibu nijikate mkono nikitafuta ya pili, ya pili haikuwepo, na mpaka leo hiyo moja imekaa kwa kabati inaniangalia. Kama kuna mtu anapika ugali na pacha wake, heri.

Ukiona kabureta, ama dashibodi yenye zile saa za duara, ndio unauliza bodi imeenda wapi. Na hutamuuliza mwenye yadi, utamuuliza kijana wa gesi na wale wa mkokoteni. Hawa ndio wenye habari. Wa mkokoteni anajua ni ploti gani gari imetoka, nani ameuza, na kama kuna nyingine imebaki pale nyuma ya nyumba juu ya mawe. Mimi niko na picha kwa simu, grili na taa za nyuma za gari ninazotafuta, nawaonyesha na kuwatumia WhatsApp, na yeyote akinipigia kabla ya kukata nampa kitu hata kama gari sikuichukua. Hapo kwa "hata kama sikuichukua" ndipo watu wengi hushindwa, wanataka habari ya bure. Kijana amesimamisha kazi yake akakupigia, umekuja umeangalia umesema imeoza ukapanda gari ukaenda, wewe unadhani atakupigia tena?

Hivyo ndivyo nilivyopata coupe yangu ya 1200, na nilikuwa nimeshaanza kuamini coupe zote zimeisha. 1200 za milango miwili na za minne bado unaziona mara moja moja, pikapu pia, lakini coupe, ile ya mgongo wa kuteremka, ni nadra sana. Simu ikalia niko kazini, picha imetoka na ukungu, naona tu mstari wa paa ukishuka. Nikamwambia kaka usiguse, nakuja. Kufika Kariobangi bonneti tayari imekatwa vipande viwili na kijana ameegemea mtungi.

"Boss umechelewa, mzee anapiga kelele."

"Mzee nitaongea naye. Hii imetoka wapi?"

"Imekuja na mkokoteni asubuhi. Unataka bampa?"

"Nataka yote vile iko."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Vile iko si gari, boss."

Na kweli haikuwa gari. Sakafu upande wa dereva ulikuwa unaona mchanga chini. Vioo vyote vimepigwa nyundo, manake kioo hakina bei kwa mizani, ndicho kitu cha kwanza kuondolewa ili bati liwe jepesi kukunja. Nilisimama juu ya vipande vya kioo cha nyuma vikilia chini ya kiatu, na kioo cha nyuma cha coupe ni cha coupe peke yake, cha sedan hakiingii hata ukikiombea. Lakini nguzo za paa zilikuwa nzima, buti nzima, fenda za nyuma nzima na ile mikunjo yake, na kibati cha chesisi bado kiko pale kwa ukuta wa injini kimeshikwa na ribiti zake za kiwandani. Nikaenda kwa mzee wa yadi, tukasalimiana vizuri, nikauliza habari za watoto, nikamwambia mzee wangu nipimie hii vile iko na uniongezee kidogo ya usumbufu. Akapima. Akaongeza ya usumbufu, na usumbufu wake haukuwa mdogo, lakini nililipa bila kubishana, manake mwenye yadi akishakuona macho yameng'aa umeshashindwa biashara na afadhali ulipe uondoke.

Kitu kingine, na hiki nakisema kwa sauti, ni makaratasi. Tangu serikali isimamishe biashara ya skrepa mwanzoni mwa 2022 kwa sababu ya watu kung'oa vyuma vya minara ya stima, na kuifungua tena baadaye na masharti, yadi za maana zinataka kujua kitu kimetoka kwa nani. Sheria ya 2015 ilikuwa inasema hivyo hivyo, ila sasa watu wanaogopa kidogo. Wewe pia ogopa. Gari bila logbuku, yaani kitabu cha umiliki, unaweza kuitengeneza ing'ae kama kioo na usiwahi kuipeleka hata petroli stesheni. Angalia namba iliyogongwa kwa ukuta wa injini, angalia kibati, linganisha. Kama namba pleti iko, ile ya zamani isiyo na herufi ya mwisho, hiyo ni ya kabla ya 1989 na ni dhahabu, usiiache yadi. Halafu mtafute mwenyewe. Wengi wameshafariki, na hapo utaambiwa barua za urithi kutoka kotini, na familia iko watu tisa, wawili hawaongei.

Kuna shosho mmoja huko Nyeri, gari ya marehemu mzee wake, Corolla KE20, imekaa kwa kibanda cha ng'ombe, imefunikwa na magunia ya mbolea, na mjukuu alikuwa ameshaongea na mtu wa skrepa. Tulimkuta anachambua maharagwe.

"Shosho, logbuku ya gari iko?"

"Iko. Kwani nyinyi ndio wa kukata?"

"Hapana shosho, sisi ni wa kutengeneza."

"Ata yeye alisema atatengeneza," akasema, na hakuangalia gari, aliangalia mjukuu. Logbuku ilikuwa kwa Biblia, imekunjwa, pamoja na risiti ya tairi. Na hata barua za urithi zilikuwa zimeshatolewa kwa ajili ya shamba, kwa hivyo gari ikaingia kwa urahisi kuliko nilivyowahi kuona. Bei alitaja yeye na sikumpunguzia hata shilingi, kuna watu si wa kupunguziwa.

Hiyo Corolla inaonyesha kitu ambacho mtu wa mjini anasahau: tafuta mahali pakavu na penye watu wanaotunza. Gari za Mombasa ni maridadi kwa juu na chini ni biskuti, hewa ya bahari inaila kutoka ndani. Za bara zina ugonjwa wake, ule udongo mwekundu wa marram unaingia kwa viboksi vya chini ya mlango unajaa, ukipata mvua unakaa na maji miezi, bati linaoza na wewe nje unaona rangi nzuri. Ndio maana mimi sianzi kwa rangi. Naingiza bisibisi chini ya mlango naisukuma. Naangalia chini ya betri, chini ya kioo cha mbele pale majani yanapokusanyika, sakafu chini ya pedali, na mwisho kabisa pale springi za nyuma zinaposhikia chesisi. Hapo kwa springi pakiwa pameoza, hiyo ni gari ya kutoa spea, hata iwe na nembo gani.

Na nembo! Usinunue nembo. SSS ni nembo ambayo watu wamebandika kwa kila Bluebird tangu 1970, kuna hata pikapu nimeona imebandikwa. Fungua bonneti kwanza.

Injini zikishakaa zinajam, usikubali fundi akuharakishe avute na gari nyingine. Toa plagi, mwaga dizeli iliyochanganywa na oili kwa kila silinda, wacha ikae siku nyingi, uwe unarudi unamwagia, halafu shika ile nati kubwa ya mbele ya kranki na spana uitikise kidogo kidogo mbele na nyuma. Siku moja inapumua. Isipopumua si mwisho wa dunia. 1200 ilikuja na injini ya A12, na familia yake A14 na A15 zinakaa kwa maunti zile zile, vile vishikizo vya injini, na A15 ndiyo iliyokuwa kwa zile Vanette za zamani tulizopandia shule, kwa hivyo yadi hiyo hiyo inayokukatia Datsun ina injini yake imelala kwa pembe. Corolla ya injini ya 3K nayo ukikosa unachukua 5K ya LiteAce. Na vitu vingi vya mbele vya 1200 vinaingiliana na vya pikapu yake, ambayo Afrika Kusini waliendelea kuiunda kama Nissan 1400 mpaka 2008, fikiria hiyo, gari ya mwanzo wa miaka ya 70 inatoka kiwandani watu wako na Facebook. Nina jamaa anapanda basi la kwenda huko kwa shughuli zake, anarudi na mpira wa mlango na taa. Bila hiyo pikapu nusu ya sisi tungeshaacha.

Kuna jambo moja tunagombana nalo sana kwa grupu yetu, na msimamo wangu unajulikana. Kila mtu akishapata Datsun anataka iwe ya rali, bonneti nyeusi, taa nne mbele, namba kwa mlango. Sawa, Safari Classic, rali ya magari ya zamani, ikipita tunapiga makofi wote, na 240Z zenyewe za ukweli zikija kwa Concours, yale mashindano ya gari zilizotunzwa, pale Ngong Racecourse mimi ndiye wa kwanza kupiga picha. Lakini 1200 ya karani iliyokuwa na rangi ya maziwa na siti za plastiki zinazochoma mapaja saa saba mchana, hiyo ndiyo ilikuwa barabarani kwetu, na hiyo ndiyo inapotea haraka kuliko zote kwa sababu hakuna anayeiona ni kitu. Za rali zina watu wa kuzililia. Coupe yangu itarudi rangi ya kiwandani, ile ya kijani niliyoikuta chini ya kapeti ya buti, na taa mbili tu.

Na wale wa kukusanya bodi kumi nyuma ya nyumba "ziko salama" na mvua inazinyeshea, wajameni, hiyo ni skrepa pia, tofauti ni kwamba yenu haina mizani. Chukua moja, maliza moja. Zingine mwambie mwenzako ziko wapi.

Kwa sasa coupe iko kwa fundi wa bodi, sakafu mpya imeingia, viboksi vya milango vimechomelewa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu ndani kabla ya kufungwa, hilo nilisimama nikaona mwenyewe. Bonneti nimepata ya pikapu. Kinachonikwamisha ni kioo cha nyuma. Kama kuna mtu Nakuru, Kampala, Arusha, popote, ana coupe imelala kwa shamba la mjomba na kioo cha nyuma bado kizima, aniandikie kabla ya kumwambia mtu wa skrepa, na simu yake ataipata imelipwa hata kama kioo chenyewe kitakuwa na ufa.